Viazi Vikuu na Majimbi Nyuma ya Nyumba



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, katika Sura Abasa, kuanzia aya ya 24, Mwenyezi Mungu (S.W.) anamtaka mwanadamu akiangalie chakula chake. Katika somo hili tutaviangalia vyakula viwili ambavyo wengi wetu tunavijua kwenye sinia la futari tu: kiazi kikuu na jimbi. Tunavingoja sokoni, na Ramadhani ikikaribia bei hupanda, hali uwanja wa nyuma umejaa magugu.

Kiazi kikuu hakipandwi kwa marando kama kiazi kitamu. Tunapanda kipande cha kiazi chenyewe pamoja na ganda lake. Kilicho bora ni kichwa, yaani upande ulioshikana na shina, kwa sababu huchipua upesi. Penye mkato tunapaka jivu na kukiacha kikauke siku moja au mbili. Shimo liwe refu, kisha lijazwe udongo laini na samadi iliyooza, maana kwenye udongo mgumu kiazi hupinda na kukatika wakati wa kuchimba. Pembeni tunasimamisha mti imara ili mmea upande juu. Baada ya miezi minane hadi kumi majani hukauka, hapo kimekomaa.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Mvua hufuata jua, lakini Ramadhani hufuata mwezi, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Ramadhani ya 2015 ilianza Juni; ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Kiazi kilichopandwa mvua za masika zinapoanza, Machi au Aprili, huwa tayari kati ya Desemba na Februari. Basi miaka ambayo Ramadhani huangukia Januari au Februari, mavuno na futari hukutana. Miaka mingine itatubidi kuweka akiba: kiazi kizima kisichochubuka hukaa miezi kadhaa mahali pakavu penye kivuli na hewa. Jimbi halina subira hiyo. Liache ardhini, ulichimbe siku ya kulipika.

Jimbi hupenda unyevu, na hapa tuna neema tusiyoitumia. Maji yanayotiririka tunapotawadha yanafaa sana kulimwagilia. Katika madhehebu ya Shafi maji hayo ni tohara ingawa hayatoharishi tena, kwa hiyo kwa mimea hayana ubaya. Mfereji wake tu usichangane na wa choo.

Tahadhari kubwa, hasa kwa wadogo zetu: jimbi bichi haliliwi, wala majani yake mabichi. Ndani yake mna vijiwe vyembamba mithili ya sindano, visivyoonekana kwa macho, vinavyochoma ulimi na koo. Anayemenya apake mafuta mikononi, kisha jimbi lichemshwe mpaka lilainike kabisa ndipo litiwe tui. Na kiazi cha porini kinachofanana na kikuu msikichimbe mkakila. Vingine vina sumu. Mwonyesheni kwanza mzee anayevijua.

Siku ya kupika, kichwa cha kila kiazi kikuu kikatwe na kuwekwa kando kivulini. Hicho ndicho mbegu ya masika yajayo, inshaallah.