Kichuguu cha Lugari

Uani kwao Huruma, Eldoret, kijana anazungumza na nyanya yake, mwalimu mstaafu wa Biolojia.

MJUKUU: Kukhu, fundi anasema udongo wa kile kichuguu kikubwa cha shambani kwetu Lugari unafaa sana kwa matofali. Jumamosi tunakichimba.

KUKHU: Na uyoga wa mvua za Aprili mtauokota wapi?

MJUKUU: Nitaotesha mwingine. Siku hizi watu wanakuza kwenye mifuko ya majani makavu.

KUKHU: Huo wa mifuko ni jamii nyingine kabisa. Huu wetu, wataalamu wanauita Termitomyces, hauishi bila mchwa. Mchwa hutafuna kuni na majani makavu, kisha kwa kinyesi chao hujenga masega ndani ya kichuguu. Kuvu humea juu ya masega hayo na kulainisha chakula ambacho mchwa peke yao hawakiwezi. Ushirika huo ulianza katika misitu ya mvua ya Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, nawe unataka kuuvunja kwa jembe siku moja!

MJUKUU: Lakini hao mchwa wanatumalizia mahindi. Jirani ametia dawa.

KUKHU: Wanayala, sikatai. Ila tunafyeka kila kichaka, mabua tunayachoma. Wabakiwe na nini? Waachieni mabua chini kwanza. Dawa ikiua mchwa, na uyoga umekwenda.

MJUKUU: Si utabaki msitu wa Kakamega?

KUKHU: Msitu upi, mjukuu wangu? Eneo lililotangazwa mwaka 1933 ni kilomita za mraba 240 hivi, na sehemu kubwa imekwisha katwa. Kenya nzima hatuna kipande kingine cha msitu wa mvua wa jamii ya ule wa Kongo. Tena kuna kuvu ambazo hazijui kichuguu, zinaishi kwenye magogo yanayooza. Gogo likibebwa kwenda kuwa kuni, zimekosa makao. Duniani zinakadiriwa aina milioni 2.5 za kuvu, na zilizopewa majina ni kama 155,000. Machi 2025, shirika la uhifadhi wa maumbile, IUCN, lilitangaza kwamba kati ya aina 1,300 zilizochunguzwa, angalau 411 zimo hatarini kutoweka. Hizo ni zile tunazozijua. Linaniuma hilo: nyingine zitakwisha kabla mtu hajazitazama.

MJUKUU: Basi hata kuokota tuache?

KUKHU: Okoteni. Kuchuma embe hakuui mwembe, na uyoga unaouona ni tunda tu. Mwenyewe yuko chini. Acheni michache ikomae imwage mbegu zake, na msichokore shimo.

MJUKUU: Na matofali yangu?

KUKHU: Nyuma ya zizi kuna kichuguu kilichokufa, miaka mingi hakijatoa kumbikumbi. Chimbeni hicho. Mpigie fundi sasa hivi, kabla hajatuma vijana.