Mdogo Wangu, Woga Huo Usiufiche

Mdogo wangu, sogea karibu tuzungumze, maana barua za namna hii napokea nyingi na zote zinafanana. Ulijifungua mwaka 2020, korona ikiwa imepamba moto. Sasa una mimba tena, na kila tarehe ya kliniki ikikaribia moyo unakwenda mbio, usingizi unakuruka, ukiona barakoa tu machozi yanakulengalenga. Mumeo anasema hayo yalishapita. Mama mkwe anasema unadeka. Nawe umeanza kuwasadiki.

Usiwasadiki. Woga wa mwaka ule ulikuwa na sababu zake. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, na kufikia tarehe 27 tulishawekewa kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Sasa niambie, uchungu wa uzazi una saa? Mtu anashikwa saa nne za usiku, bodaboda hapati, teksi hazitoki, na barabarani kuna polisi na marungu yao. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi, mtaalamu wa magonjwa ya akina mama, aliyaona hayo akaomba msaada wa usafiri, na ndipo ukazaliwa mpango wa Wheels for Life wa kuwafikisha wajawazito hospitalini usiku bila malipo. Mungu ambariki. Lakini usafiri ulikuwa wa mwili. Roho zenu nani alizipokea?

Wengi wenu mliingia wodini peke yenu, mkisukuma na barakoa usoni. Mkarudi nyumbani na kichanga, na hapo ndipo palipouma zaidi. Mama yuko kijijini, njia zimefungwa. Hakuna wa kukukanda maji moto, hakuna shangazi wa kukukorogea uji, jirani anapunga mkono akiwa ng'ambo ya ua. Kwetu mzazi haachwi peke yake zile siku arobaini. Ninyi mliachwa, kisha mkaambiwa mshukuru kwa kuwa mtoto ni mzima.

Sasa nakushika sikio kidogo. Kuogopa si kosa, ila kuficha, hapana. Umeniandikia kwamba umeruka kliniki mara mbili ili usiione ile korido. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonwe angalau mara 8, nawe unazipunguza mwenyewe! Na siku unazokwenda, muuguzi akiuliza kama una tatizo, unamwonyesha miguu iliyovimba, ya moyoni unayameza. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Siri ya namna hii ni moto wa pumba: juu majivu, chini unakula.

Tena si wewe peke yako. Hata kabla ya korona, shirika hilohilo lilikadiria kwamba katika nchi kama zetu karibu wajawazito 16 kwa kila 100 wana maradhi ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Hebu litazame benchi la kliniki asubuhi, wanawake wamebanana na vijitabu vyao mapajani, kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Wasiwasi unaokuja na kuondoka ni wa kila mjamzito, usikutishe. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili, chakula hakipiti, usingizi hauji hata nyumba ikitulia, huoni furaha kwa lolote, hayo ni maradhi na yana tiba. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kujikisia. Daktari anajua dawa za kumpa mwenye mimba, na wengine hupona kwa kuzungumza na mshauri. Likikujia wazo la kujidhuru au la kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali leo hii, na usiende peke yako. Nakusihi.

Na mtafute mapema wa kukaa nawe ukishajifungua, awe mama, dada au wifi mnayeelewana. Mumeo mpe barua hii aisome. Wiki ijayo ukiketi mbele ya muuguzi, kabla hajakufunga mkanda wa presha, mwambie: "Nilizaa wakati wa korona, na naogopa." Akikupuuza, omba kuonana na mwingine, na usitoke pale mpaka usikilizwe.