Dondoo muhimu: Kukua katika somo la video na uhuishaji

Mwanafunzi wa sekondari hukua kwa kumaliza kazi fupi nyingi, si kwa kusubiri vifaa vya bei kubwa.

1. Anza na mpira unaodunda. Hapo utajifunza uzito, kasi na mnyumbuko wa umbo.
2. Filamu huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Wewe chora 12, kila moja ionekane mara mbili.
3. Chora mtiririko wa matukio kwenye karatasi kabla ya kugusa kamera.
4. Laza simu kwa upana na uitegemeze. Usiishike mkononi ikitetemeka.
5. Usimweke mhusika dirishani ukimrekodi kutoka ndani, uso utakuwa mweusi. Mgeuze aelekee mwanga.
6. Zima feni na usogeze maikrofoni karibu na msemaji. Sauti mbovu huua picha nzuri.
7. Tumia programu za bure kama Blender. Filamu ya Flow, iliyoshinda Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwayo.
8. Hifadhi kila kazi sehemu mbili, na usisubiri usiku wa mwisho.
9. Omba ruhusa kwa unaowarekodi, na usitumie muziki wa wengine bila idhini.
10. Onyesha kazi ingali rasimu; sikiliza maoni bila kujitetea.
11. Badilishaneni majukumu: leo mwongozaji, kesho mpiga picha, keshokutwa mhariri.
12. Usifute kazi za kidato cha kwanza; zilinganishe na za sasa kila muhula, uone ulipopiga hatua na palipobaki.