Je, Daktari Ajifunzie kwa Babangu?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muhula uliopita niliuliza swali ambalo lilininyima usingizi, na jibu nililolipata naona si vizuri nikae nalo peke yangu.

Babangu hubeba magunia sokoni. Kwa muda mrefu alikuwa na uvimbe kwenye kinena. Akiusukuma kwa kidole unarudi ndani, naye anaendelea na kazi. Kumbe ilikuwa ngiri! Ngiri hutokea pale ukuta wa tumbo unapolegea na kuacha tundu, kisha utumbo ukapenya humo. Hatari yake ni kwamba utumbo unaweza kubanwa, ukakosa damu na kuoza. Hapo mtu asipopasuliwa upesi anaweza kufa.

Baba alilazwa katika hospitali ya mafunzo. Jioni akaja daktari kijana, akamwambia, "Mzee, mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa upasuaji. Kesho nitakupasua mimi, na mwalimu wangu atakuwa ubavuni mwangu. Je, umekubali?"

Baba alinyamaza. Mimi sikuweza. "Daktari," nikamwuliza, "yaani utajifunzia kwa babangu?"

Hakukasirika. Alivuta kiti, akanieleza, na mengine nikayasoma baadaye maktabani.

Kwanza, yule si mwanafunzi kama mimi na wewe. Hapa Kenya mtu husomea udaktari miaka 6, kisha hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya uangalizi. Akitaka kuwa mpasuaji bingwa hurudi tena kusoma. Anaweza kusoma katika chuo kikuu, au kupitia COSECSA, yaani Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye ofisi mjini Arusha. Chuo hiki hakina jengo la madarasa. Darasa ni hospitali yenyewe. Mwanafunzi wa upasuaji wa jumla husoma miaka 2, akafanya mtihani, kisha miaka mingine 3 na mtihani mwingine. Kila upasuaji anaoufanya huuandika: alitazama tu, alisaidia, au alishika kisu mwenyewe.

Mtindo huu una historia. Mwaka 1889 hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mjini Baltimore, Marekani. Mpasuaji wake mkuu, William Halsted, aliwataka wanafunzi waishi mle mle hospitalini, wapewe kazi ngumu kidogo kidogo kadiri walivyoiva. Lakini mtindo huo ulikuwa na ubaya wake, maana wanafunzi walifanya kazi usiku na mchana. Ni mwaka 2003 tu ambapo Marekani iliwawekea madaktari wote wanaosomea ubingwa kikomo cha saa 80 kwa wiki. Na hizo bado ni nyingi! Hebu fikiria mkono wenye usingizi ukishika kisu.

Ngazi za kujifunza, kama nilivyoelezwa, ni hizi:

1. Kutazama, kunawa mikono sawasawa, na kufunga mafundo ya uzi. Daktari wetu alisema alifanya mazoezi ya mafundo kwenye mguu wa meza mpaka vidole vikazoea.
2. Kumsaidia mwalimu: kushikilia vyuma vinavyopanua kidonda, kukata uzi, kushona ngozi.
3. Kufanya upasuaji mdogo, kama kupasua jipu, mwalimu akitazama.
4. Kupasua ngiri au kidole tumbo, mwalimu akiwa karibu tayari kupokea kisu.
5. Kufanya upasuaji mkubwa wa tumbo, na kuwafundisha walio nyuma yake.

Ngazi hizi hazirukwi. Na siri yake, wenzangu, ni yule mwalimu. Akiondoka chumbani kabla mwanafunzi hajaiva, anayelipa karo ni mgonjwa.

Tena kuna jambo lililonipendeza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliye chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Si dawa mpya wala mashine ya mamilioni. Ni watu kuulizana na kuambiana ukweli.

Sasa turudi kwa baba. Alikubali, akapasuliwa asubuhi. Kesho yake daktari kijana alikuja, akasema, "Mzee, kazi imeisha salama. Lakini nilipofika karibu na mshipa wa fahamu, mkono wangu ulisita. Mwalimu akapokea, akanionyesha, kisha akanirudishia kisu." Nilidhani baba atafoka. La hasha! Alicheka huku ameshika tumbo, akasema, "Kijana wangu, afadhali wewe uliyesita kuliko ambaye angejifanya anajua."

Basi jibu langu ni hili. Ndiyo, daktari ajifunzie kwa babangu, kwa sababu aliyemfundisha naye alijifunzia kwa baba wa mtu. Lakini ajitambulishe, aombe ruhusa, na mwalimu wake awe pale. Nanyi mkilaziwa mgonjwa, msiogope kuuliza: "Nani atapasua, na nani atakuwa naye?" Hilo si utovu wa adabu.

Baba bado hajaruhusiwa kubeba magunia. Mimi nimeanza kufunga mafundo kwenye mguu wa meza.

MSAMIATI
Kinena: sehemu ya chini ya tumbo, karibu na paja.
Ngiri: ugonjwa wa utumbo kupenya kwenye tundu la ukuta wa tumbo.
Kidole tumbo: kipande chembamba kilichoshikana na utumbo mpana.
Mshipa wa fahamu: mshipa unaopeleka hisia mwilini.