Mzinga wa magurudumu 8: nisubiri?

Swali: Naunda modeli za kipimo cha 1/35. RCH 155 ya Ujerumani nisubiri seti yake?

Jibu: Usisubiri, ndugu yangu. Kalibu ni ghali, na viwanda huogopa gari ambalo bado linabadilishwa-badilishwa. Nusu ya kazi iko tayari: kampuni ya Revell ilishatoa seti ya Boxer, gari ambalo RCH 155 imejengwa juu yake, na mzinga wa RCH wa milimita 155 umetokana na ule wa PzH 2000, mzinga wa kujiendesha wa Ujerumani, ambao seti zake zipo. Mtutu ni mara 52 ya kipenyo chake, yaani mita 8.06, mezani kwako, sentimita 23. Ule wa plastiki wa vipande viwili huacha mshono wa kukera, tafuta wa alumini. Mnara hauna mtu ndani, karibu wote ni pande bapa: kata plastiki, gundisha, piga msasa. Ila chagua picha za gari moja tu, ushikamane nazo.