Dondoo muhimu: Swichi nyingi, kidhibiti kimoja

Unaposimamia swichi na vituo vya Wi-Fi vya UniFi kutoka kidhibiti kimoja, zingatia haya:

1. Kipe kidhibiti anwani ya IP isiyobadilika.
2. Kifaa kipya kisipoonekana, kagua kwanza kama poti ya TCP 8080 imefungwa. Wengi hukimbilia kubadili kebo.
3. Kidhibiti kikiwa kwenye mtandao mwingine, vielekeze vifaa kwa chaguo namba 43 la DHCP.
4. Usibadilishe VLAN ya usimamizi kwa swichi zote kwa mkupuo. Anza na iliyo mbali zaidi na kidhibiti, urudi nyuma moja moja. Ukianza na ya karibu utajifungia nje, na hapo ni kupanda ngazi na kompyuta mkononi.
5. Weka nakala rudufu nje ya mashine ya kidhibiti.
6. Sasisha swichi moja kwanza, saa zisizo za kazi: ikijiwasha upya, kamera na simu zinazopata umeme kwenye kebo zake zinaweza kuzimika.
7. Kidhibiti kikizimika, usikimbilie kurudisha swichi kwenye mipangilio ya kiwandani. Zinaendelea kupitisha data kama kawaida. Kinachosimama ni ukurasa wa kuingilia wageni, kama unautumia.