Kabla Hujalipia Simu ya Ng'ambo, Uliza Imefungwa na Nani

Simu nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue zimetoka Marekani, Kanada na Uingereza. Kioo ni safi, betri ni nzima na bei inavutia. Lakini baadhi yake ukishaweka laini ya hapa zinagoma: mtandao hausomi, au kioo kinadai namba ya siri ya kufungulia. Simu kama hiyo si mbovu, imefungwa.

Huko zilikotoka, kampuni ya mtandao humpa mteja simu kwa mkopo, kisha huifunga isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe. Deni likiisha, sababu ya kufuli nayo imekwisha, na sheria zimeanza kulitambua hilo. Marekani, sheria iliyosainiwa na Rais Barack Obama tarehe 1 Agosti 2014 ilimrudishia mwenye simu haki ya kuifungua mwenyewe au kumtuma mtu amfungulie. Kanada, tangu 1 Desemba 2017, kampuni hutakiwa kuuza simu zikiwa wazi na kuzifungua za zamani bila malipo. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa mwezi Desemba 2021.

Jambo la kujua ni kwamba makufuli ni ya namna nne, na kila moja lina mwenye ufunguo wake.

1. Kufuli la mtandao. Ufunguo uko kwa kampuni iliyoiuza simu mara ya kwanza. Ndugu yako akitaka kukutumia simu, mwambie aombe ifunguliwe kabla haijapanda ndege, deni likiwa limelipwa lote.

2. Kufuli la mkopo. Ukichelewesha malipo, programu ya muuzaji huifunga simu. Ukimaliza deni, dai uthibitisho wa maandishi na uhakikishe programu hiyo imeondolewa.

3. Kufuli la akaunti. Simu hudai barua pepe na nywila ya mmiliki wa kwanza. Kama muuzaji hawezi kuiondoa akaunti hiyo, achana na simu hiyo, huenda iliibwa.

4. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyozuiwa. Hii ni simu iliyoripotiwa kuibwa au kupotea, au isiyo halisi. Tanzania ilizizima simu bandia mwezi Juni 2016.

Kabla hujatoa pesa, fanya haya hapo hapo dukani:

Weka laini yako mwenyewe, piga simu, kisha zima Wi-Fi na ufungue ukurasa wowote wa intaneti. Usiridhike na laini ya muuzaji.

Kama ni iPhone, fungua mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, usome mstari unaoonyesha kama ina kizuizi cha laini. Kagua pia tundu la laini: iPhone 14 na zilizofuata zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina tundu hilo, zinatumia eSIM (laini ya kidijitali) peke yake.

Chomoa trei ya laini. Ukikuta chipu nyembamba kama karatasi imelala chini ya laini, simu bado imefungwa, imedanganywa tu. Siku programu ya simu itakaposasishwa, mtandao unaweza kukatika.

Bonyeza *#06# upate IMEI, uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090.

Mwombe muuzaji afute kila kitu na kuiwasha upya mbele yako. Kufuli la akaunti hujitokeza hapo.

Risiti iandikwe aina ya simu, IMEI na maneno haya: "haijafungwa, inakubali laini zote." Ni maneno machache, lakini ndiyo ushahidi wako. Nchini Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya maelezo unayohitaji ili unufaike nayo. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Muuzaji aliyekuficha kufuli anawajibika kwako. Rudi kwake mapema na risiti mkononi, udai akubadilishie au akurudishie pesa. Akikataa, andika malalamiko kwa mamlaka husika. Usimpelekee fundi wa vichochoroni akisie namba za siri: zikikosewa mara kadhaa, simu inaweza kujifunga moja kwa moja, na hapo hata kampuni yenye ufunguo inaweza kushindwa kukusaidia.